Nyumba ya Agnella na Mabati ya Watu

Kwa miaka miwili Agnella alikuwa mwenye nyumba anayelala kwa watu. Msimcheke mapema. Wako wengi wa namna hiyo Ifakara, ila hawajitangazi, na yeye pia hakujitangaza. Alipanga chumba kimoja kwa Mzee Hilari, jirani na mashine za kukoboa mpunga alikokuwa akifanya kibarua cha kuanika, na kila baada ya miezi sita alimpelekea mzee yule kodi mkononi, akapiga goti kidogo, akarudi chumbani kwake. Mzee Hilari alipenda kumchokoza: "Mama, utapanga mpaka lini? Hufikirii kujenga?" Naye hujibu, "Nitajenga na nini, mzee wangu?" Wakati huohuo kiwanja anacho, juu ya kiwanja pana kuta za vyumba vinne, na ndani ya vyumba vinne wanaishi watu.

Kuficha kwenyewe kulikuwa na sababu. Aliogopa kwamba mzee akijua ana nyumba atampandishia kodi. Tena aliona aibu, maana nyumba yenyewe, tuseme ukweli, ilikuwa kichekesho.

Agnella alikuja mjini kutoka Mofu baada ya mumewe kufariki, na mabinti wawili ambao sasa wamekwisha kuolewa. Kazi aliyoipata ni hiyo ya kuanika: asubuhi kumwaga mpunga kwenye sakafu ya mashine, jua likipanda kuugeuza kwa miguu, wingu likionekana upande wa Udzungwa kuukusanya mbiombio na kuufunika turubai. Kila mavuno, mpunga unapouzwa kwa bei ya kutupa, alinunua gunia moja au mawili, akayaweka stoo, akayauza baada ya mwaka mpya watu wakiwa na njaa na mpunga umeadimika. Magunia hayo ndiyo yaliyomnunulia kiwanja. Ndiyo yaliyofyatua matofali, akayachoma kwa pumba alizopewa bure mashineni, akapandisha kuta kwa udongo: korido katikati, vyumba viwili huku na viwili kule. Hapo hela ikakata.

Pagale likakaa. Nyasi zikaota koridoni, mbuzi wa jirani wakapata mahali pa kuzalia, na watoto wa mtaa wakachora kwa mkaa kila kitu wanachokijua na vingine ambavyo hawakupaswa kuvijua. Agnella alipita pale kila Jumapili akitoka kanisani, akasimama, akaondoka. Alijaribu benki. Kijana wa benki alimsikiliza kwa heshima, akamwomba hati ya kiwanja, na Agnella akatoa karatasi ya serikali ya mtaa iliyogongwa muhuri. Kijana akaisoma mpaka mwisho, akamrudishia kwa mikono miwili. Kwenye kikundi chao cha kuweka na kukopa, mkopo aliostahili ungenunua kofia ya paa tu, yale mabati ya kufunika mgongo wa juu, na kofia bila paa ni ya nini?

Aliyemtoa kwenye mkwamo ni Mwanasha, mwanamke muuza vitumbua aliyekuwa akitafuta chumba. Siku moja alimkuta Agnella amesimama mbele ya pagale lake, akamwamkia, akaingia ndani, akatoka anajipangusa mbegu za majani kwenye khanga.

"Mama," akasema, "nipe chumba hiki cha nyuma, cha kulia. Nitaweka bati mwenyewe, mlango mwenyewe, sakafu mwenyewe. Halafu unikatie kwenye kodi mpaka hela yangu iishe."

Mpango huo si mgeni. Mpangaji anamalizia chumba, anakaa bila kulipa mpaka fidia yake iishe, kisha anaanza kulipa kodi kama wengine. Mwenye nyumba anapata nyumba, mpangaji anapata chumba, benki inaendelea na shughuli zake. Agnella nusura amkumbatie. Wakaenda kwa mjumbe wakakubaliana mbele yake, na Agnella, kwa kuhofia Mwanasha asije akabadili mawazo, akajiongezea sharti ambalo hakuna aliyemwomba: "Na kama utahama kabla fidia haijaisha, nitakurudishia kilichobaki. Nikishindwa, ezua bati lako uondoke nalo." Mjumbe alimtazama. Angemuuliza, ingekuwa heri. Hakumuuliza.

Baada ya Mwanasha wakaja wengine watatu, kila mmoja kwa sharti lilelile. Kassian, bwana shamba kijana, alichukua chumba cha nyuma upande wa kushoto. Brigitha msusi alichukua cha mbele, kushoto vilevile. Faustin dereva wa bajaji akachukua cha mbele upande wa kulia, kinachotazamana na barabara. Kila mtu akaenda dukani kwa wakati wake na kwa mfuko wake. Mwanasha na Brigitha walinunua bati la kawaida, lile la migongo midogo. Kassian alinunua la msauzi, lenye migongo mipana. Faustin naye akanunua la msauzi, lakini jekundu, la bei mbaya, kwa sababu abiria wake wote wangeliona. Kila mtu alileta fundi wake. Na kila fundi alipaua mpaka ukuta unapoishia, akakunja ngazi akaenda zake. Kilichokuwa ng'ambo ya ukuta kilikuwa cha fundi mwingine.

Ukisimama barabarani ungedhani ni blanketi la viraka limeanikwa. Lakini Agnella alipoiona imefunikwa yote, alilia. Alilia kweli, njiani, na kapu lake kichwani, na hakujali nani anamwona.

Kicheko kilianza na mvua. Bati la migongo midogo na bati la msauzi hayalaliani. Ukiliweka hili juu ya lile, panabaki uwazi wa kupitisha kidole. Kwa hiyo maji hayakuvuja chumbani kwa mtu. Yalivuja katikati ya mtu na mtu, palepale juu ya ukuta unaogawa, na kuta zile zilijengwa kwa udongo. Vuli ya kwanza zilipata ukungu tu. Vuli ya pili ukuta wa Kassian na Brigitha ukatoa tumbo. Brigitha aliugusa kwa kiganja, akaurudisha mkono upesi, akampigia simu mama mwenye nyumba.

Fundi aliyeletwa kuutazama alikuwa mtu wa maneno machache. Aliugonga ukuta, akapanda juu, akashuka.

"Haufiki Aprili," alisema. "Masika hii unalala. Ukilala huu, na ule wa upande wa pili utaufuata."

"Tufanye nini, fundi?"

"Bati la aina moja nyumba nzima."

Rahisi kusema. Agnella alihesabu kwa vidole, akaacha njiani. Bati la aina moja lilitaka hela ambayo hakuwa nayo na hakujua pa kuitoa, na nyumba hiyo ndiyo ujana wake wote ulikokwenda. Ikianguka, atakuwa na rundo la matofali na wapangaji wanne wanaomdai. Akakaa chini kwenye ndoo ya Mwanasha iliyopinduliwa.

Na kana kwamba hayo hayatoshi, kabla Januari haijaisha Kassian alikuja mashineni kumtafuta. Alivaa shati la ofisini, na kwa jinsi alivyomwamkia kwa unyenyekevu, Agnella alijua hakuna heri.

"Mama, nimepata uhamisho. Naenda Kigoma."

"Hongera, baba."

"Asante, mama. Sasa ile fidia yangu iliyobaki... Nina gharama za kuhama. Kama haipo, nisamehe, itabidi nichukue bati langu. Ndivyo tulivyokubaliana."

Ndivyo walivyokubaliana. Hakuwa na la kumlaumu yule kijana. Maneno yalikuwa yake mwenyewe Agnella, aliyatoa bila kuombwa, na sasa yamemrudia. Bati la Kassian likitoka, robo ya nyumba inabaki wazi, na masika ndiyo hiyo inakuja. Alimwomba muda mpaka mwisho wa Februari, akarudi kwenye mpunga wake akiugeuza kwa miguu bila kuona anapokanyaga.

Ndipo msimamizi wa sakafu akampigia kelele. "Mama Agnella! Unachanganya saro na supa! Unataka tajiri anifukuze?"

Alitazama chini. Kweli, mguu wake ulikuwa umevuka kijia kilichoachwa katikati ya sakafu. Kila siku ya Mungu waliuanika hivyo: mpunga wa aina ya saro upande huu, wa supa upande ule, katikati njia, na hakuna aliyewahi kudai sakafu nzima iwe ya mpunga mmoja. Alisimama hapo akiwa na punje mguuni. Paa lake lina miteremko miwili. Mabati yake ni ya aina mbili. Aliomba ruhusa ya haraka, akakimbia kwa baiskeli mpaka kwa fundi.

"Upande wa kushoto wote msauzi," alisema akihema. "Upande wa kulia wote migongo midogo. Yakutane juu tu, kwenye kofia."

Fundi akasema itawezekana, ingawa matundu ya misumari ya zamani lazima yazibwe kwa lami, na baadaye mtaani alisikika akieleza jinsi alivyoligundua jambo hilo. Tumwachie.

Kilichobaki ni watu, na watu ni wagumu kuliko mabati. Bati la Faustin lilitakiwa kwenda kushoto, juu ya chumba cha Brigitha. La Brigitha lilitakiwa kuja kulia, juu ya Faustin. La Kassian lilitakiwa kubaki lilipo. Agnella aliwaita wote koridoni Jumapili mchana, akawaeleza. Mwanasha, ambaye bati lake halikuguswa, alikubali kabla hajamaliza kusikiliza.

Faustin hakukubali. "Mama, bati lile nimelitolea jasho. Nimelala na njaa kwa ajili ya rangi ile. Leo niliweke juu ya kitanda cha mtu mwingine, mimi nilale chini ya bati la kawaida?"

"Ila Faustin," Brigitha akadakia, "kwa hiyo ni mimi nisiyefaa kulala chini ya bati jekundu? Siku zote unaniambia nakufaa."

Wakacheka, na Faustin akacheka kidogo kwa upande mmoja wa mdomo, lakini hakulegea. Alimgeukia Agnella, na safari hii sauti yake haikuwa na utani.

"Usikasirike, mama. Wewe mvua hii haikunyeshei. Unakuja jua likiwaka, unaangalia ukuta, unatikisa kichwa, unarudi kwako kulala pakavu. Ukuta ukianguka utatuangukia sisi. Leo tukikupa mabati yetu uyapange unavyotaka, kesho Kassian akaezua lake, sisi tutamfuata nani? Wewe si una kwako."

Mwanasha alimkanya Faustin kwa macho. Agnella angeweza kufoka. Umri alikuwa nao na haki ya kufoka alikuwa nayo. Lakini neno moja lilimkaa. Kwako. Ina maana watu hawa, miaka yote miwili, walidhani ana nyumba nyingine nzuri mahali fulani. Kama alivyomficha Mzee Hilari kwamba ana nyumba, ndivyo alivyowaficha hawa kwamba hana.

"Mimi sina kwangu," alisema. "Napanga chumba kwa Mzee Hilari. Kwangu ni hapa, na hapa hamna nafasi, mmejaa nyinyi."

Brigitha alifunika mdomo. Faustin alitazama chini kwenye kandambili zake.

Na Agnella, aliyekuja pale bila jibu la kumpa Kassian, akalisikia jibu likitoka mdomoni mwake kabla hajalifikiria vizuri. Kwenye mkoba, ndani ya kitambaa, alikuwa na kodi ya miezi sita ya Mzee Hilari, ya kupelekwa wiki hiyohiyo.

"Kassian, fidia yako nakulipa. Hela niliyonayo inapungua kidogo, nitakujazia kwa gunia la mpunga nililoweka stoo. Ukakoboe, uende na mchele wa Ifakara huko Kigoma, wakuheshimu. Bati lako unaniachia mimi. Na chumba chako nahamia mimi."

"Wewe, mama?" Kassian aliuliza.

"Mimi. Masika inikute humu humu na nyinyi. Ila tangu leo bati ni la nyumba. Anayehama atapata fidia yake akipatikana mpangaji mwingine, lakini hakuna wa kumwezua mwenzake. Lile sharti la mwanzo nalifuta. Nililiweka kwa woga."

Hakuna aliyepiga makofi. Watu hawapigi makofi koridoni kwao. Faustin alijikuna kisogo, akasema kama mwenye nyumba analala humu, basi na yeye hana neno, na bati jekundu likae mbele, lionekane barabarani. Brigitha akamwambia atalitunza. Mwanasha alikwenda kuandaa chai.

Iliyobaki ilikuwa safari ya kwa Mzee Hilari, na hiyo ndiyo aliyoiogopa kuliko zote. Alimkuta barazani anachambua maharage.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Umeleta kodi?"

"Sikuleta, mzee wangu. Nimekuja kukuaga. Nahamia..." Akaanza upya. "Nina kinyumba changu, upande ule wa..."

"Kile cha bati jekundu na jeupe," mzee akasema bila kuinua macho.

"Unakijua?" Agnella akauliza.

"Ifakara nzima inakijua. Nimekijua tangu unachoma matofali, ulikuwa unarudi hapa unanuka moshi wa pumba." Alitupa harage bovu uani. "Kodi umenilipa kiasi gani miaka yote hii?"

"Ileile, mzee."

"Na wenzako vyumba vya jirani?"

Wenzake Agnella walikuwa wamepandishiwa mara mbili, na yeye alikuwa akilala akijipongeza kwamba mzee amemsahau. Alikaa chini kwenye ngazi ya baraza, akajikuta anasaidia kuchambua maharage, kwa sababu macho yalikuwa yamemjaa machozi na alihitaji mahali pa kuyaelekeza.

"Nilikuwa nakuuliza utajenga lini ili uniambie," mzee alisema. "Hukuniambia. Sawa. Nenda kalale kwako."

Kazi ya paa ilifanyika jua likiwa kali. Faustin mwenyewe aliyapokea mabati yake yakishushwa, akayapangusa kwa kitambaa cha bajaji, akayapandisha upande wa pili akimwelekeza fundi utadhani ndiye aliyemfundisha kazi. Ukuta wenye tumbo ulibomolewa na kujengwa upya, wapangaji wakibeba maji kwa zamu. Brigitha alisuka vichwa vya bure kwa mke wa fundi na dada zake, na hiyo ikawa sehemu ya ujira. Kassian aliondoka na basi la alfajiri na mchele wake, na Agnella akaingiza chumbani kitanda chake, sufuria, na sanduku. Mabati yaliyokuwa juu ya kitanda hicho ndiyo ya kwanza kuwa yake.

Mvua kubwa ya masika ilikuja kabla ya mapambazuko, ile ya Kilombero isiyojua kupumzika. Agnella aliamka, akaweka sufuria karibu na ukuta kwa mazoea, akakaa kitandani kusubiri. Mabati yalipiga kelele kiasi kwamba hakusikia hata pumzi zake. Alisubiri. Kulipoanza kupambazuka aliugusa ukuta kwa kiganja, juu, katikati, chini. Ulikuwa mkavu. Sufuria ilikuwa kavu. Ng'ambo ya ukuta Brigitha naye alikuwa ameamka, maana alibisha mara mbili kwa kidole, na Agnella akambishia naye. Alikaa hapo akitabasamu peke yake. Alikuwa na furaha ambayo hakuwa na mahali pa kuiweka, na akaanza kupiga mahesabu: fidia ya Mwanasha inakwisha karibu, kodi ya kwanza itaingia, na nyuma ya nyumba kipande cha kiwanja kilichobaki kinatosha vyumba viwili vingine. Safari hii bati atanunua mwenyewe, la aina moja.

Mlango ukagongwa. Alikuwa Faustin, funguo za bajaji mkononi, mkono mwingine nyuma.

"Shikamoo, mama mwenye nyumba."

"Marahaba, baba. Kwako hakuvuji?"

"Hata tone moja, mama." Akauleta mbele mkono aliouficha. Ulikuwa na ufagio. "Samahani lakini. Tulipanga zamu za korido tangu zamani, na leo ni siku ya chumba cha Kassian."

Agnella alimtazama, akautazama ufagio. Kisha akajifunga khanga kiunoni, akaupokea, akaanzia mlango wa nyuma.